Bwawa Jipya Linapungua Maji: Pima Kwanza, Ndipo Uvunje

Simu hunijia hivi. Bwawa la nyumbani lina wiki chache tangu lijazwe, na maji yanashuka. Fundi aliitwa, akapaka dawa ya kuzuia maji juu ya grauti (saruji ya kujaza kati ya vigae), maji yakaendelea kushuka. Akaitwa wa pili, akabomoa vigae vya kona moja, maji yakaendelea kushuka. Sasa mwenye nyumba ana bwawa linalovuja, kona iliyobomoka, na bado hajui maji yanakokwenda.

Nimekuta hali hii Nairobi na viungani mwake, Karen, Runda, Syokimau na Kitengela, na kosa huwa moja: ukarabati ulianza kabla ya kipimo. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba au mtunza nyumba anayetaka kujua, kwa siku chache na gharama ndogo, kama bwawa linavuja kweli, linavujia wapi, na aitwe fundi wa aina gani. Nimelenga bwawa la zege lenye vigae au plasta. Pale bwawa la faibaglasi linapohitaji tahadhari zaidi, nimesema.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kila moja inapunguza mahali pa kutafuta, na anayeruka hatua ya ndoo hujikuta akichimba bustani bure.

Vitu vya kuandaa

- Ndoo ya lita 20 ya rangi ya ukuta, iliyooshwa vizuri. Chagua nyeupe, kwa maana nyeusi hupasha maji joto na kuharibu kipimo.
- Mawe mawili safi ya kuizuia ndoo isielee.
- Rula ya chuma yenye milimita, na tepu ya stima ya kuwekea alama.
- Daftari, kalamu, na simu ya kupigia picha.
- Rangi ya chakula, nyekundu au ya buluu, pamoja na sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano kutoka duka la dawa.
- Miwani ya kuogelea.
- Povu la kunyolea ndevu.
- Grisi ya silikoni ya kupaka raba za pampu.
- Vizibo vya mpira na geji ya presha, kwa hatua ya 8 tu. Fundi wa mabwawa huja navyo, usinunue.

Epoksi na dawa nyingine za kuziba usizinunue sasa. Aina ya dawa inategemea mahali penyewe, na mahali hujapajua.

Mambo matatu ya kushika kabla hujaanza

*Usimwage maji yote.* Bwawa lililojaa lina uzito wa kuikandamiza ardhi. Likiwa tupu, nao udongo unaolizunguka umelowa, maji ya ardhini hulisukuma juu kama mtumbwi. La faibaglasi linaweza kung'oka kabisa. La zege hupasuka sakafu. Hatari hii ni kubwa zaidi wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Tena kumbuka kwamba bwawa linalovuja limekuwa likiulowesha udongo wake lenyewe, hata kiangazi.

*Usivunje kigae.* Grauti na vigae havizuii maji. Kinga ya maji iko nyuma yake, kwenye zege na plasta. Maji yanaweza kuingia nyuma ya kigae upande wa kina kifupi na kutokea mita kadhaa mbali, kwa hiyo kona yenye unyevu si lazima iwe kona yenye tundu. Kuna jambo la mkataba pia: ukimleta fundi mwingine abomoe kabla ya kumwarifu aliyejenga, unampa aliyejenga sababu ya kusema kwamba uharibifu si wake.

*Zima stima kwenye saketi breka*, si kwenye swichi ya ukutani, kila unapogusa taa, pampu au tundu la chini la bwawa (lile la sakafuni ambalo pampu huvutia maji). Bandika tepu juu ya breka ili mtu mwingine asiiwashe ukiwa majini. Usikaribie kamwe tundu la chini pampu ikiwa inafanya kazi. Mvuto wake unaweza kunasa nywele au mkono, na watu wazima wenye nguvu wamezama hivyo. Usiingie majini peke yako. Awepo mtu ukingoni anayejua kuogelea. Watoto wakae mbali hadi kazi iishe.

Hatua ya 1: Lipe bwawa muda wa kunywa

Zege na plasta mpya hufyonza maji. Kwa hiyo kushuka kwa siku za mwanzo baada ya kujaza si ushahidi wa kuvuja. Subiri siku 7 kamili, ukiongeza maji kila inapohitajika, ndipo uanze kupima.

Wahandisi hufanya hivyo hivyo kwa matangi ya zege. Kanuni ya Uingereza ya BS 8007, ambayo wahandisi wengi wa Kenya wameisomea ingawa iliondolewa mwaka 2010, iliacha tangi likae na maji siku 7 hadi 21, kisha ikapima siku 7. Baada ya kutoa kilichopotea kwa mvuke, kimo hakikutakiwa kushuka zaidi ya sehemu moja ya 500 ya wastani wa kina, au milimita 10. Kwa bwawa lenye wastani wa mita 1.5, hiyo ni milimita 3 tu kwa wiki nzima.

Muulize aliyejenga kama alifanya kipimo hiki kabla ya kubandika vigae, na akuonyeshe alipoandika. Jibu lake litakusaidia sana katika hatua za mbele. Wengi hawakukifanya.

Jambo la kutia moyo: nyufa nyembamba sana za zege, chini ya milimita 0.2, mara nyingi hujiziba zenyewe kwa chokaa inayojikusanya ndani yake. Huo ni usubirivu wa wiki mbili tatu, si wa miezi.

Hatua ya 2: Kipimo cha ndoo

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ndoo ikiwekwa ndani ya bwawa hupata jua lile lile, upepo ule ule na baridi ile ile ya usiku. Ndoo haivuji. Basi chochote ambacho bwawa limepoteza kuliko ndoo, kimevuja.

1. Jaza bwawa hadi katikati ya mdomo wa skima (kisanduku cha ukutani kinachovuta takataka za juu ya maji).
2. Funga maji yanayoingia yenyewe. Kama bwawa lina boya lililounganishwa na tangi, lifunge kwenye valvu yake. Boya huficha uvujaji kwa miezi, na mwenye nyumba hugundua kwa bili ya maji au kwa tangi linalokauka siku ya mgao.
3. Zima kipasha joto, chemchemi na maporomoko ya mapambo. Maji ya moto hupoteza mvuke mwingi usiku wa Nairobi, hasa Juni hadi Agosti, na yatakudanganya.
4. Weka ndoo kwenye ngazi ya bwawa. Kama ngazi ni ya chuma, pangilia matofali hadi ndoo ikae imara. Weka mawe ndani, kisha ijaze maji ya bwawa lenyewe mpaka kimo cha ndani kilingane na cha nje.
5. Bandika tepu ndani ya ndoo na kwenye kigae cha bwawa, ukingo wa juu wa tepu ukiwa sawa na maji. Piga picha zote mbili pamoja na rula. Andika tarehe na saa.
6. Pampu ifuate ratiba yake ya kawaida. Hakuna kuogelea, hakuna kuongeza maji.
7. Baada ya saa 24, pima kwa rula kutoka ukingo wa tepu hadi maji, ndani na nje.

Mbwa wa ulinzi wafungwe, kwa maana hunywa kwenye ndoo. Mvua ikinyesha, futa kipimo na uanze upya kesho, kwa kuwa maji ya mvua hutiririka kutoka sakafu hadi bwawani lakini hayaingii kwenye ndoo.

*Jinsi ya kusoma.* Kwa siku ya kawaida ya Nairobi, tarajia ndoo ishuke kati ya milimita 4 na 6. Januari na Februari, jua likiwa kali na upepo mkavu, huzidi. Julai yenye mawingu hupungua. Bwawa na ndoo vikishuka sawa, au tofauti ikawa milimita 1 au 2, huna uvujaji ambao ndoo inaweza kuuthibitisha. Unachohitaji ni kifuniko cha kuzuia mvuke. Tofauti ya milimita 3 au zaidi, ikijirudia siku mbili mfululizo, ni uvujaji.

*Igeuze milimita kuwa lita.* Zidisha urefu wa bwawa kwa upana, kwa mita. Bwawa la mita 8 kwa 4 lina mita 32 za mraba, na kila milimita moja inayoshuka ni lita 32.

Nitatumia mfano mmoja wa kweli hadi mwisho: bwawa la ukubwa huo huo huko Syokimau, lililojazwa Desemba, nililolipima Februari. Ndoo ilishuka milimita 6, bwawa 15. Tofauti milimita 9, yaani lita 288 kwa siku. Boza la lita 10,000 lilikuwa likipotelea ardhini kila siku 35. Mama mwenye nyumba alipoona hesabu hiyo kwenye karatasi alinyamaza. Tayari alikuwa amelipia vigae vya kona kubomolewa.

Hatua ya 3: Pampu ikiwaka, pampu ikizimwa

Rudia kipimo cha ndoo mara mbili, saa 24 kila kimoja: kwanza pampu ikifanya kazi muda mrefu kuliko kawaida, kisha ikiwa imezimwa kabisa. Linganisha tofauti za ndoo na bwawa.

*Linavuja zaidi pampu ikiwaka.* Shuku mabomba yanayorudisha maji bwawani, kwa sababu presha yake hupanda wakati huo. Shuku pia bomba la kumwagia maji machafu, ambalo nitalieleza hatua inayofuata.

*Linavuja zaidi pampu ikizimwa.* Shuku mabomba ya kuvuta maji. Pampu ikiwaka mvuto hulizuia tundu, na badala ya maji kutoka, hewa huingia. Tazama midomo inayorudisha maji: ikitoa vipovu bila kukoma, hewa inaingia mahali. Kwenye viwanja vya mteremko kama vya Kitisuru na Loresho, chumba cha pampu mara nyingi kiko chini ya kimo cha bwawa, na hapo kiungo kilicholegea humwaga maji usiku kucha pampu ikiwa imelala.

*Linavuja sawa hali zote mbili.* Shuku bwawa lenyewe: skima, taa, nyufa, kona. Syokimau tulipata milimita 9 mara zote mbili, na papo hapo mabomba yakatoka kwenye orodha.

Hatua ya 4: Kagua chumba cha pampu

Fanya hivi hata kama hatua ya 3 haikuelekeza huku. Ni dakika ishirini, na uvujaji wa hapa ndio wa bei ndogo kuliko wote.

Anza na valvu ya juu ya chujio cha mchanga, ile yenye mkono wa kuchagua kuchuja, kuosha mchanga au kumwaga. Iweke kwenye kuchuja, washa pampu, kisha nenda linapoishia bomba la kumwagia maji machafu. Kinga jagi. Maji yakidondoka mfululizo, gasketi ya ndani yenye umbo la nyota imeharibika au ina mchanga, na bwawa lako linamwagwa kidogo kidogo mtaroni bila tone kuonekana nyumbani. Nimeona hili kwenye bwawa lenye wiki mbili tu huko Runda. Hakuna aliyemwelekeza mtunza bustani kwamba *pampu huzimwa kwanza kabla ya kugeuza mkono wa valvu*, siku zote. Alikuwa akiugeuza pampu ikiwaka, kila Jumatatu, akiamini anafanya kazi yake vizuri. Gasketi mpya ilimaliza shida. Mfundishe anayelishughulikia bwawa lako leo, wala usimlaumu kwa asichoonyeshwa.

Kisha pitia viungo. Pampu ikiwaka, paka povu la kunyolea kwenye kifuniko cha kapu la pampu na kwenye viungo vya upande wa kuvuta. Povu likifyonzwa na kuacha kishimo, hewa inaingia hapo. Zima pampu, toa raba ya duara, isafishe, ipake grisi ya silikoni, irudishe. Usitumie mafuta ya kujipaka, kwa kuwa mafuta ya petroli huvimbisha raba.

Upande wa presha hauhitaji povu. Pitisha kitambaa kikavu cha karatasi chini ya kila kiungo, kikilowa umepapata.

Hatua ya 5: Soma udongo

Maji yaliyovuja lazima yaende mahali, na udongo wa Nairobi na viunga vyake kwa kawaida ni wa namna mbili zinazotenda tofauti kabisa.

Udongo mwekundu wa Karen, Lavington au Runda hunywa maji haraka. Unaweza kupoteza lita mamia kwa siku na nyasi zikabaki kavu. Kwa hiyo ukiambiwa "hakuna unyevu, basi halivuji," usikubali. Tafuta mahali nyasi ni za kijani kupita nyingine, kabro (matofali ya sakafu ya nje) zilizozama, au maji yanayochuruzika kwenye ukuta wa kuzuia udongo upande wa chini wa kiwanja.

Udongo mweusi wa pamba wa Syokimau, Kitengela na Embakasi ni jambo jingine. Hauyapitishi maji, huyashika na kuvimba. Ukivimba husukuma kuta za bwawa, na ukikauka hujikunja na kuacha mwanya. Uvujaji mdogo hapo huzaa nyufa mpya. Kama uko kwenye udongo huu, usiahirishe hatua zilizobaki hadi mwezi ujao.

Ongea pia na watu wanaolala na kuamka hapo: mlinzi, mtunza bustani, yaya. Syokimau, mzee mlinzi wa usiku ndiye aliyetupa jibu. Familia ilikuwa imesafiri mashambani karibu mwezi mzima wa sikukuu, na boya halikuwa limeunganishwa. "Maji yalishuka mpaka juu ya ile taa," alisema, "yakawa kama yamechoka." Hakuna fundi aliyekuwa amemuuliza.

Hatua ya 6: Acha maji yashuke yenyewe

Alichokiona mzee ndicho kipimo hiki. Maji hushuka hadi kufikia tundu, kisha yanabaki yakipungua sawa na ndoo tu.

Zima pampu kwenye breka, funga valvu ya skima, na usiongeze maji. Kila asubuhi weka tepu mpya kwenye kigae na uandike kimo, ndoo ikiwa kando. Weka klorini kwa mkono maji yasigeuke kijani. Tia dawa ndani ya ndoo nyingine ya maji, si ile ya kipimo, na kamwe usimimine maji juu ya dawa.

Kimo kinaposimama, tazama kilichopo mstari huo:

- Chini ya mdomo wa skima: skima au bomba lake.
- Kwenye midomo ya kurudisha maji: kiungo cha mdomo au bomba lake.
- Kwenye taa: bomba la waya nyuma ya taa.
- Katikati ya ukuta pasipo na kifaa: ufa, au mshono kati ya zege la siku moja na la siku nyingine.
- Hayasimami, yanaelekea sakafuni: mshono wa ukuta na sakafu, au tundu la chini.

Usiruhusu yashuke zaidi ya theluthi ya kina. Mvua kubwa ikija, au kama bwawa ni la faibaglasi, sitisha na ujaze. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja hatua ya 7. Hii ya kusubiri inasaidia sana lakini si ya lazima.

Hatua ya 7: Rangi

Zima pampu saa moja kabla. Asubuhi mapema kabla ya upepo ndiyo saa nzuri, maji yakiwa yametulia kabisa.

Vuta rangi ya chakula kwenye sirinji. Ingia polepole, usitibue maji. Sogeza ncha hadi sentimita moja kutoka mahali unaposhuku, usiguse, kisha toa tone dogo. Kama pana uvujaji, rangi hujinyoosha kama uzi na kuingia ndani bila kurudi. Kama hapana, hubaki ikielea kama wingu. Tofauti ni wazi, hutakuwa na shaka.

Pitia kwa utaratibu huu: koo la skima pale plastiki inapokutana na zege, kisha ukingo wa taa, midomo ya kurudisha, pembe za ngazi, nyufa, na mwisho mshono wa sakafu. Piga video kila rangi inapoingia. Usiache kutafuta ukipata tundu la kwanza. Bwawa lililojengwa kwa haraka mara nyingi lina mawili.

Syokimau rangi iliingia nyuma ya taa kama imevutwa kwa mdomo.

Hatua ya 8: Presha kwenye mabomba

Hii ni ya waliopata tofauti kati ya pampu kuwaka na kuzimwa, au ambao rangi haikuonyesha kitu. Mwachie fundi wa mabwawa, lakini simama naye ukijua anachotakiwa kufanya.

Kila bomba hupimwa peke yake: kizibo upande wa bwawa, geji upande wa pampu, kisha maji husukumwa hadi baa 1 au 1.5. Sindano ikibaki palepale dakika 30, bomba ni zima. Ikishuka, kwanza aangalie vizibo vyake mwenyewe, kisha apime tena.

Kataa kipimo cha hewa iliyobanwa. Hewa huhifadhi nguvu, na kizibo kikifyatuka kinaweza kumtoa mtu jicho. Maji hayafanyi hivyo.

Bomba likishindwa, lichimbwe kwa mkono kuanzia kwenye viungo na kona, kwa kuwa bomba lililonyooka huvuja mara chache. Angalia pia ni bomba gani lilizikwa. Nimekuta bomba jepesi la maji taka limetumiwa mahali pa bomba la presha, kwa ajili ya kuokoa shilingi. Hilo halizibwi kiraka; hung'olewa lote.

Hatua ya 9: Ziba kwa dawa ya mahali hapo

*Skima iliyoachana na zege.* Kwangua mwanya hadi kwenye sehemu ngumu, safisha, kanda epoksi ya bwawa ya sehemu mbili hadi rangi iwe moja, kisha ikandamize ndani. Huganda hata chini ya maji. Silikoni ya bafuni usiitumie. Inahitaji sehemu kavu, na itabanduka.

*Taa.* Zima breka na uhakikishe kwa kipimo kwamba hakuna stima. Taa nyingi hushikwa na skrubu moja juu, na waya wake huachwa mrefu ili iinuliwe hadi ukingoni ikiwa imelowa. Ndani ya kikombe chake utaona bomba la waya. Zungushia waya epoksi laini au kizibo cha mpira kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usijaze saruji: siku ya kubadilisha taa hutautoa waya. Kama taa yako ni ya volti 240, au huna hakika, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli. Hapa sisemi kwa desturi. Stima na maji ya bwawa huua mara moja.

*Ufa.* Kwanza jua kama unatembea. Chora mistari ya penseli mwisho wa ufa pande zote mbili na tarehe, subiri wiki mbili. Usiporefuka, shusha maji chini yake, uchongwe umbo la V, ujazwe dawa ya epoksi au saruji maalumu, kisha kinga ya maji na kigae. Ukirefuka, hilo ni suala la msingi na udongo. Mwite mhandisi wa majengo. Fundi wa vigae hataliweza.

*Mshono wa ukuta na sakafu.* Huu ndio pekee unaolazimu kumwaga bwawa. Fanya kiangazi tu. Chimba shimo la kukagua karibu na upande wa kina kirefu na uthibitishe kuwa halina maji. Acha klorini iishe kwa siku kadhaa juani kabla ya kumwaga, na maji yasielekezwe kwa jirani wala mtoni. Bwawa lisikae tupu siku moja zaidi ya kazi.

*Bomba.* Kata, weka la presha, safisha, gundi, shikilia, na usiliwekee presha kabla ya saa 24. Lipimwe kwa geji kabla ya kufukiwa.

Hatua ya 10: Rudisha ndoo

Jaza, washa pampu, toa hewa kwenye chujio, subiri siku moja, kisha rudia kipimo cha ndoo siku mbili mfululizo. Umefaulu kama tofauti ni milimita 2 au chini siku zote mbili. Rudia tena baada ya wiki moja. Syokimau tulitoka milimita 9 hadi 1, na kona iliyobomolewa haikuwa na kosa lolote.

Kuzungumza na aliyejenga

Bwawa jipya kwa kawaida liko ndani ya kipindi cha dhamana, mara nyingi miezi 6 au 12 kulingana na mkataba, na sehemu ya malipo huwa imeshikiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Soma mkataba wako kabla ya kupiga simu.

Mwandikie, usimwambie kwa mdomo tu. Ambatisha vipimo vya ndoo, picha zenye rula na tarehe, na video ya rangi. Omba mambo matatu: mchoro wa mabomba yalivyolazwa, karatasi ya kipimo cha presha, na tarehe ya kuja kurekebisha. Mjenzi mwaminifu hufurahia ushahidi wa namna hii, kwa kuwa unamwepusha kubahatisha. Asiye na nia njema hukosa pa kujificha.

Atakapomaliza, usiachilie fedha uliyoshikilia siku ya kazi kuisha. Weka ndoo ngazini naye akiwepo, mweke alama wote wawili, na mkutane tena saa 24 baadaye kusoma.